Gesi ya nyota changa huenda wapi?

Swali: Sahani ya gesi inayozunguka nyota changa hutowekaje, na je, jambo hilo lina mfano unaoonekana kutoka Unguja?

Jibu: Sahani hiyo bapa ya gesi na vumbi ndimo sayari hujengeka, na nyingi hazidumu zaidi ya miaka milioni 10. Sehemu ya gesi humezwa na nyota yenyewe, nyingine hufukizwa. Mionzi ya urujuanimno na eksirei hupasha joto uso wa sahani, na mbali na nyota, ambako mvutano ni dhaifu, gesi hupata mwendo wa kutosha kutoroka.

Ajabu ni kwamba mwisho huja kwa haraka. Maadamu gesi ya nje humiminika ndani kwa wingi, hasara haionekani. Mmiminiko ukizidiwa na ufukizo, pengo hufunguka, sehemu ya ndani huishiwa kwa takriban miaka 100,000, kisha mionzi hula ukingo uliobaki kuelekea nje. Sayari ya gesi ambayo haijakomaa hadi hapo haina tena cha kuikuza.

Mfano mashuhuri ni Nebula ya Orioni, umbali wa takriban miaka nuru 1,350, ambayo katikati ya Januari, kati ya saa 4 na saa 5 usiku, hupita karibu kabisa na utosi wa Mji Mkongwe. Humo nyota kubwa Theta-1 Orionis C hufukiza sahani za jirani zake kutoka nje. Darubini ya Hubble ilizipiga picha miaka ya 1990 zikiwa na mikia iliyoielekezea nyota hiyo kisogo. Macho matupu huona ukungu tu, tena afadhali Jambiani kuliko Forodhani penye taa.