Kufundisha Barua ya Kirafiki: Barua ya Safari, kwa Karatasi na kwa Barua Pepe

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wetu wanapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, barua ya kirafiki huwa miongoni mwa masomo wanayoyachagua mapema. Sababu yake si ngumu kuiona. Somo hili lina umbo linalochorwa ubaoni kwa urahisi: anwani ya mwandishi upande wa kulia, tarehe chini yake, mwanzo wa barua, kiini, mwisho, na jina la mwandishi. Wanafunzi huliiga umbo hilo, mwalimu husahihisha, na wote hutoka darasani wameridhika.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuridhika huko kwaweza kutudanganya. Barua haiandikwi ili iwe na umbo. Huandikwa ili mtu aliye mbali aisome na aweze kutenda jambo. Tumechagua barua ya safari kwa sababu katika barua ya aina hiyo upungufu hauwezi kufichika: ama mwenyeji atakuwepo kituoni mgeni anaposhuka, ama hatakuwepo.

Barua nzuri isiyosema kitu

Mwanachuo mmoja tuliyemkagua alilitaka Darasa la Sita liandike barua kwa rafiki kumweleza juu ya ziara ya likizo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na hati za watoto zilipendeza. Tuliichukua barua moja iliyopata alama zote, tukampa mtoto wa dawati la nyuma ambaye hakuwa ameiona, tukamwuliza: "Wewe ndiwe rafiki aliyeandikiwa. Utakwenda lini kumpokea mgeni wako, na wapi?" Mtoto yule aliisoma mara mbili, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Haisemi."

Ilikuwa kweli. Barua ilikuwa na mistari saba ya salamu, yenye hofu na mashaka kwa aliye mbali na upeo wa macho, kisha sentensi moja: "Nitakuja kukutembelea likizo, unipokee stendi." Mwalimu alikuwa ametoa alama kwa umbo, na kwa umbo barua ilizistahili. Lakini kwa kazi yake barua ile ilikuwa bure.

Hatumcheki mwanachuo huyo, kwani kosa hilo tumelitenda sisi wenyewe. Tulipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, ambako simu zilikatazwa, tulimpa utingo wa basi barua ampelekee mama yetu. Tuliiandika siku ya Jumatatu, tukasema, "Nitafika Jumamosi ijayo." Mawazoni mwetu tulikusudia Jumamosi ya wiki ya pili, shule itakapofungwa. Barua ilifika Jumatano, na mama akaelewa Jumamosi ile ile iliyokuwa inakuja. Mdogo wetu alikwenda njia panda na baiskeli, akangoja tangu mchana hadi giza lilipoingia, akarudi peke yake. Kwa siku saba mama hakujua kama tulikuwa wazima au la. Tulipofika kwa furaha wiki iliyofuata, hatukuelewa kwa nini alilia kwanza ndipo akatusalimu.

Neno moja, "ijayo", ndilo lililofanya hayo. Tungeandika tarehe, yasingetokea.

Mambo matano ya barua ya safari

Mwalimu awafundishe wanafunzi wake kwamba barua ya safari haijakamilika mpaka mpokeaji aweze kujibu maswali haya matano bila ya kumwuliza mwandishi tena:

(a) Nani anasafiri, na anafuatana na nani?
(b) Atafika siku gani na tarehe gani?
(c) Ataondoka saa ngapi, na anatazamiwa kufika saa ngapi?
(d) Watakutana mahali gani hasa, na mpokeaji anaombwa afanye nini?
(e) Mpango ukibadilika, mpokeaji atajuaje?

Juu ya swali (b), siku na tarehe ziandikwe pamoja daima. Hizo mbili hulindana: mtu akiandika "Jumamosi, tarehe 14" hali tarehe 14 ni Jumapili, mpokeaji ataona mara moja kwamba pana kosa, naye atauliza. Akiandika moja tu, kosa hupita kimya.

Juu ya swali (d), neno "stendi" peke yake halitoshi. Kwa mfano, mtu aliyezoea kusema "stendi ya Dar es Salaam" enzi za Ubungo hana budi kukumbuka kwamba kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilifunguliwa Mbezi mwaka 2021, na kwamba baadhi ya mabasi hushusha abiria penginepo pia. Na ndani ya kituo kikubwa watu wawili waweza kungojana saa nzima, kila mmoja kwenye lango lake.

Saa na usiku

Hapa pana tatizo linalotuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili kuliko wengine, nalo halipewi nafasi ya kutosha. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapokuchwa. Tiketi nyingi huhesabu tangu usiku wa manane. Saa moja asubuhi huchapwa 07:00, na saa kumi jioni huchapwa 16:00. Msafiri aliyeandikiwa 10:00, ambayo ni saa nne asubuhi, akiisoma kuwa saa kumi, atafika kituoni saa sita nzima baada ya basi kuondoka. Wanafunzi wafanyishwe zoezi la kugeuza saa za tiketi kuwa saa za Kiswahili, na katika barua waandike daima sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Usiku nao wataka uangalifu. Kwa hesabu ya zamani, ambayo bado husikika sana Pwani, siku huanza jua linapokuchwa. Hivyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa wengine, maneno hayo hayo yana maana ya usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Lugha yetu yenyewe imetupa dawa: tuandike "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", na hakuna atakayepotea.

Mfano wa barua

Barua ifuatayo yaweza kuandikwa ubaoni au kwenye karatasi kubwa kabla ya kipindi.

Shule ya Msingi ..........,
S.L.P. ..........,
Iringa.
24 Novemba 2025.

Mpendwa Rehema,

Hujambo pamoja na wazazi? Sisi hatujambo, na bibi anawasalimu sana.

Nitakuja Morogoro pamoja na shangazi siku ya Jumamosi, tarehe 13 Desemba. Basi litaondoka Iringa saa 1 asubuhi, nasi tunatazamia kufika stendi ya Msamvu kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na humo magari hayaruhusiwi kwenda kasi, kwa hiyo msihofu tukichelewa kidogo. Tafadhali mwombe kaka atungoje kwenye lango ambalo mabasi huingilia. Shangazi atavaa kitenge cha kijani.

Safari ikiahirishwa, shangazi atampigia mama yako simu Ijumaa jioni kabla ya saa 2 usiku. Asipopiga, jueni kwamba tunakuja.

Naomba unijibu kabla ya tarehe 5 Desemba kama kaka atapata nafasi.

Ni mimi rafiki yako,
Neema.

Ndugu mwanachuo aangalie mambo mawili. Kwanza, salamu zipo, lakini ni mistari miwili tu. Hatukubaliani na wanaosema kwamba salamu zifutwe ili barua iwe fupi. Kwetu sisi, kuingia katika shauri bila ya kujuliana hali ni utovu wa adabu, hata kwa rafiki. Tunachokataa ni salamu kuimeza barua. Pili, sentensi "Asipopiga, jueni kwamba tunakuja" hukipa kimya maana. Bila ya sentensi hiyo, simu isipolia mwenyeji atabaki akijiuliza kama safari ipo au haipo.

Hatua za somo (vipindi viwili)

Hatua ya kwanza. Mwalimu asome kwa sauti barua yenye upungufu, mfano wa ile tuliyoitaja juu. Wanafunzi wawili watoke mbele, mmoja awe mgeni na mwingine mwenyeji, waigize mapokezi kwa kufuata barua peke yake. Watakwama, na darasa litacheka. Mwalimu aulize: "Kumekosekana nini?" Maswali matano yatoke vinywani mwa watoto wenyewe, naye ayaandike ubaoni kadiri yanavyotajwa.

Hatua ya pili. Wanafunzi wasome barua ya Neema na kutafuta jibu la kila swali.

Hatua ya tatu. Kila mwanafunzi aandike barua yake kwa mtu halisi: bibi, binamu, au rafiki aliyehama shule. Ikiwezekana barua chache zitumwe kweli. Mtoto anayejua kwamba barua yake itafunguliwa na mtu huandika kwa uangalifu ambao hatuwezi kuupata kwa kumwamuru.

Hatua ya nne. Wabadilishane barua. Kila msomaji apige mstari chini ya jibu la kila swali katika barua aliyopewa, na swali lisilo na jibu aliandike chini ya barua. Mwandishi arekebishe kabla mwalimu hajakusanya.

Kutoka karatasi hadi barua pepe

Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua alama @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Tangu hapo mwendo wa barua umekuwa wa haraka ajabu, lakini maswali yetu matano hayakubadilika hata moja. Mtu akisahau tarehe, barua pepe hulifikisha kosa lake kwa sekunde chache badala ya siku tatu.

Shule isiyo na kompyuta isiache kufundisha jambo hili. Mwalimu achore ubaoni fremu yenye nafasi za anwani ya mpokeaji, nakala, mada, na barua yenyewe, na wanafunzi waichore katika madaftari. Mazoea yafuatayo yasisitizwe:

1. Mada iseme jambo lenyewe. "Habari" haisaidii, "Safari ya Morogoro, Jumamosi 13 Desemba" huonekana upesi mpokeaji anapoitafuta siku ya safari.

2. Barua moja ibebe shauri moja. Habari za safari zisichanganywe na za kitabu kilichoazimwa, maana mpokeaji atajibu moja na kuisahau nyingine.

3. Anwani ya mpokeaji isomwe herufi kwa herufi kabla ya kutuma, kwani barua pepe iliyokwisha kutumwa ni vigumu kuirudisha. Nafasi ya nakala nayo itumiwe kwa busara. Jina lake limetokana na karatasi ya kaboni iliyowekwa chini ya barua ili kupata nakala ya pili. Aliyepewa nakala anaarifiwa tu, haombwi kutenda.

4. Anayepata barua ya safari ajibu siku hiyo hiyo, hata kwa mstari mmoja: "Nimeipata. Kaka atakuwepo." Asiyejibu humwacha mwenzake njiani bila ya uhakika.

5. Mpango ukibadilika, barua mpya itaje ile inayofutwa: "Barua hii inafuta niliyoandika tarehe 24 Novemba." Vinginevyo mpokeaji atakuwa na barua mbili zinazopingana.

6. Mtoto hutumia mara nyingi anwani ya mzazi au ya shule. Ajue basi kwamba barua yake itasomwa na wengine, na kamwe asimwarifu mtu asiyemfahamu siku ambazo nyumba yao itakuwa haina mtu.

Kusahihisha

Kwa darasa la wanafunzi sabini, mwalimu hawezi kuandika maelezo marefu katika kila daftari. Twapendekeza alama kumi: tano kwa maswali matano, alama moja kwa kila jibu lililo wazi, mbili kwa umbo, mbili kwa tahajia na sarufi, na moja kwa adabu ya salamu na kuaga. Mwanafunzi ataona kwa alama zenyewe kwamba umbo lina heshima yake, ila silo linalotangulia. Mwalimu aliyezoea kutoa alama nyingi kwa umbo atasita mwanzoni. Tunamwomba ajaribu muhula mmoja, kisha alinganishe madaftari.

Hitimisho

Wengi wa watoto tunaowafundisha wataandika barua chache za karatasi maishani, na ujumbe wa simu na barua pepe zisizo na idadi. Tukiwafundisha umbo tu, siku umbo hilo litakapoachwa somo letu nalo litaachwa. Tukiwafundisha kujiuliza "Aliye mbali atafanya nini akisoma haya?", tumewapa kitu kitakachowafaa kwa kila njia ya mawasiliano. Nyuma ya kila barua ya safari yupo mtu atakayesimama njia panda akitazama kila basi linalopita. Mwandishi amwandikie huyo.

Maswali ya kujadili

1. Chukua barua tano za kirafiki kutoka madaftari ya shule unayofanyia mazoezi. Ni ngapi zinazojibu maswali yote matano?

2. Katika eneo lako, maneno "usiku wa Ijumaa" yana maana gani kwa wazee, na yana maana gani kwa vijana? Utalifundishaje jambo hilo darasani?

3. Tunga maswali kama hayo matano kwa barua ya kumwalika rafiki katika sherehe.