Ndago Si Nyasi

Kila Ijumaa tunafyeka nyasi mbele ya madarasa, na Jumatatu ndago imeshazipita kwa urefu. Je, mwaitambua? Lishike shina vidoleni ulizungushe. La nyasi zetu ni mviringo. La ndago lina pembe tatu, na majani yake hutoka matatu matatu. Siri yake iko chini ya udongo: viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Ukivuta kwa mkono, jani linakatika, kiazi kinabaki na kuchipua tena. Basi tuchimbe kwa jembe la meno, viazi tuvianike juani vikauke kabisa, wala tusivitupe shimo la mbolea. Kisha tupande nyasi palipo wazi, maana ndago haipendi kivuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.