Namna Watu Wanavyoishi Katika Baridi Kali na Joto Kali

Kila mfugaji wa kondoo katika nyanda za juu anajua jambo hili. Mwana-kondoo akizaliwa usiku mkavu, ijapokuwa kuna baridi, mara nyingi asubuhi utamkuta amesimama, ananyonya. Lakini akizaliwa usiku wa mvua na upepo, na mama yake asimlambe upesi mpaka akauke, asubuhi huenda ukamkuta amekufa, hata kama usiku ule haukuwa na baridi kama ule wa kwanza. Kwa nini? Mkulima akilipata jibu la swali hili, ataelewa mambo mengi juu ya mwili wake mwenyewe, na juu ya watoto wake na watu wanaomfanyia kazi.

MWILI UNA MOTO WAKE

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi kwa ndani, awe anakaa Lodwar penye jua kali au Kinangop penye sakitu. Joto hilo halitoki katika nguo wala katika blanketi. Hutoka katika chakula tunachokula, kama vile joto la jiko linavyotoka katika kuni. Kazi ya blanketi ni kulizuia joto lako lisikimbie tu. Ndiyo sababu mtu mwenye njaa huumwa na baridi upesi: jiko lake halina kuni.

Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, mtu yumo hatarini. Hutetemeka sana, maneno yake huwa mazito, mikono haishiki vizuri, na akili huanza kupotea. Likipanda kupita digrii 40, akili hupotea vilevile, na mtu aweza kuanguka na kufa. Basi nafasi tuliyopewa ni ndogo sana, digrii chache tu upande huu na upande huu.

Hata hivyo, watu wanaishi mahali ambapo ungedhani hapakaliki. Katika Siberia, nchini Urusi, uko mji mdogo uitwao Verkhoyansk. Mwaka 1892 hewa ya hapo ilipimwa ikaonekana imefika digrii 67.8 chini ya sifuri. Mahali papo hapo, tarehe 20 Juni 2020, joto lilipanda hadi digrii 38. Watu wa huko hawana mwili mwingine usiokuwa kama wako. Wana maarifa ya nguo, nyumba, chakula na saa za kazi.

NJIA NNE ZA JOTO

Joto huuacha mwili kwa njia nne, na yafaa tuzijue.

Kwanza, kwa kugusa. Ukilala juu ya saruji, joto lako huingia katika saruji.

Pili, kwa upepo. Hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto. Upepo ukija huichukua na kuleta nyingine iliyo baridi.

Tatu, joto huruka kutoka kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi bila kugusana, kama uonavyo joto la moto likikufikia usoni ukiwa umekaa kando yake.

Nne, kwa kukauka kwa jasho. Angalia chungu cha udongo cha maji ya kunywa. Maji kidogo hupenya mpaka nje ya chungu, na yanapokauka huchukua joto, nayo yaliyobaki ndani huwa baridi. Ngozi yako hufanya kazi iyo hiyo. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita sita za maji yaliyokuwa baridi kama barafu.

Sasa shika jambo moja kubwa. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Maji huliondoa upesi, kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Sufu ya kondoo, manyoya ya kuku, nyasi za paa na blanketi huleta joto kwa sababu zinashika hewa ndani yake isiende huku na huku. Nguo ikilowa, ile hewa hutoka na maji hukaa mahali pake. Hilo ndilo jibu la swali letu. Mwana-kondoo wa usiku mkavu amevaa hewa. Yule wa usiku wa mvua amevaa maji.

WATU WA NCHI YA BARAFU

Kaskazini kabisa mwa Kanada na katika Greenland wanaishi Wainuit, ambao zamani wageni waliwaita Waeskimo. Mavazi yao ya asili ya majira ya baridi yalikuwa ngozi za mnyama aitwaye karibu, aliye jamii ya kulungu. Walivaa ngozi mbili: ya ndani manyoya yake yameelekea mwilini, ya nje manyoya yake yameelekea nje. Kati yake palikuwa na hewa. Mtu akifanya kazi nzito alilegeza vazi lake ili asitoke jasho, maana alijua kwamba jasho litalowesha ngozi, na atakapopumzika litamgeukia kuwa adui.

Wakiwa safarini kuwinda, walijenga nyumba kwa matofali ya theluji. Msomaji aweza kushangaa kwamba theluji yaweza kumtia mtu joto. Lakini theluji ngumu ina hewa nyingi ndani yake, kama paa la nyasi. Mlango waliuweka chini na kitanda wakakiinua juu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hushuka, na ile yenye joto hupanda. Ndani waliwasha taa ya mafuta ya mnyama wa baharini. Tena juu ya nyumba walitoboa tundu la hewa. Tundu hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Maarifa haya si mambo ya kuchekwa. Mzungu mmoja wa Norway, Roald Amundsen, alikaa karibu na Wainuit kati ya mwaka 1903 na 1905, akajifunza kwao namna ya kuvaa ngozi na kuendesha mbwa wa kuvuta magari ya theluji. Tarehe 14 Disemba 1911 alifika Ncha ya Kusini ya dunia pamoja na wenzake wanne, na wote watano wakarudi salama. Mwingereza Robert Scott na wenzake wanne walifika hapo mwezi mmoja baadaye, wakivuta mizigo yao kwa nguvu zao wenyewe. Wote watano walikufa njiani wakirudi. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo njaa, uchovu na hali mbaya ya hewa; lakini yule aliyekubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji hakujuta.

WATU WA JANGWANI

Twende sasa upande wa joto. Hewa ikipita digrii 37, zile njia tatu za kwanza hugeuka: badala ya kutoa joto mwilini, huliingiza. Hubaki njia moja tu, nayo ni jasho. Basi mtu wa jangwani ana kazi mbili: kuzuia jua lisimfikie, na kulinda maji ya mwili wake.

Watuareg wa Sahara na Mabedui wa Arabuni hawavui nguo kwa ajili ya joto. Hujifunika mwili mzima kwa kanzu pana na kilemba. Wengine huvaa nguo nyeusi, jambo lililowashangaza wataalamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba kanzu nyeusi kweli hupokea joto la jua zaidi kuliko nyeupe, lakini joto hilo la ziada halikufika kwenye ngozi, kwa kuwa hewa ilipita kati ya kanzu na mwili ikalichukua. Siri ilikuwa upana wa kanzu.

Watu hao hutembea na kufanya kazi alfajiri na jioni, na saa za jua kali hukaa kivulini. Wafugaji wetu wa kaskazini mwa Kenya hufanya vivyo hivyo, wala si uvivu. Mtu afanyaye kazi nzito juani aweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa moja. Asipoirudisha, damu hupungua, jasho hupungua, na joto la mwili hupanda.

Mwili hujifunza pia. Mtu aliyetoka Limuru akienda kufanya kazi mahali pa joto huhitaji wiki moja au mbili kuzoea. Katika siku hizo mwili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, tena lenye chumvi kidogo. Kwa hiyo siku za kwanza apewe kazi nyepesi. Wengi wanaoanguka kwa joto ni wageni wa kazi, si wazoefu.

Joto lenye unyevu, kama la pwani, lina hila yake. Hewa ikijaa maji, jasho hutiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Hapo upepo na kupumzika ni dawa.

Tena msidhani kwamba joto huua nchi za jua tu. Mwaka 2003 joto kali liliingia Ulaya, na watu zaidi ya 70,000 walikufa, wengi wao wazee, mara nyingi wakiwa majumbani mwao. Hawakuzoea, na wengi hawakuwa na mtu wa kuwaangalia.

MAMBO YA KUFANYA HAPA KWETU

Basi, mkulima, mafunzo haya yanakufaa nini? Yafuatayo yashikwe na kila nyumba.

1. Ukinyeshewa, vua nguo zilizolowa upesi na uvae kavu. Mtoto anayechunga mifugo apewe koti la mvua au kipande cha plastiki cha kujifunika. Nguo mbili nyepesi zenye hewa kati yake hushinda moja nzito.

2. Usilale juu ya udongo au saruji tupu. Tandika nyasi kavu, mkeka au magunia kwanza.

3. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili apate joto. Akizaliwa akaushwe mara moja, afunikwe kichwa, na alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja.

4. Pombe haileti joto. Hupeleka damu yenye joto kwenye ngozi, nawe hujisikia vizuri huku joto la ndani likitoroka. Mlevi aliyelala njiani usiku wa baridi yumo katika hatari kubwa.

5. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na jamaa nzima yaweza kufa usingizini. Kumbuka tundu la Wainuit. Wao walikuwa na baridi kuliko sisi sote, na hawakuziba nyumba yao. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

6. Mtu aliyeshikwa na baridi mpaka akili inapotea, mvue nguo zilizolowa, mfunike vizuri pamoja na kichwa, na umpe chai ya sukari ikiwa aweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu. Mpeleke hospitali.

7. Wakati wa jua kali, anza kazi alfajiri. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijawa kali. Vaa kofia pana na nguo zisizobana. Chakula chenye chumvi ya kawaida hurudisha ile iliyotoka na jasho.

8. Mtu akiwa juani akaumwa kichwa, akaona kizunguzungu au akatapika, aache kazi akae kivulini na anywe maji. Akianza kusema ovyo au akizimia, usingoje. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

9. Waangalieni wazee. Mzee akaaye peke yake apitiwe asubuhi na jioni, wakati wa baridi kali na wakati wa joto kali.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Nyasi kavu, kivuli cha mti, kibuyu cha maji na nguo kavu ya kubadilisha hupatikana karibu kila boma. Na usiku mvua itakaponyesha, chukua taa uende zizini. Ukimkuta mwana-kondoo amelowa, mkaushe kwa gunia na umweke penye kinga ya upepo karibu na mama yake. Kisha rudi nyumbani, uwatazame watoto wako kama wamelala pakavu.