Rotaveta ya Trekta Dogo: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Ukienda dukani kutafuta rotaveta, jambo la kwanza utakaloulizwa ni trekta lako lina hospawa ngapi. Ukijibu 25, muuzaji atakupeleka moja kwa moja kwenye ya futi tano na kukuhakikishia kwamba inavutika bila shida. Huenda hata hadanganyi. Shambani kwake pengine kuna kichanga. Lakini zile hospawa 25 zilizoandikwa kwenye boneti ni za injini, na rotaveta haili nguvu ya injini. Inakula nguvu ya PTO, ile shafti fupi yenye meno inayochomoza nyuma ya trekta, na mpaka nguvu ifike huko, giaboksi na haidroli zimeshachukua chao. Kwa kawaida hubaki asilimia 80 hadi 85. Kwa hiyo trekta la 25 nenda nalo dukani kama la 20.

Kuanzia hapo hesabu ni nyepesi. Udongo wa kichanga au tifutifu unataka hospawa tano za PTO kwa kila futi ya upana. Udongo mzito unataka saba mpaka nane. Trekta letu la 20 basi litamudu futi nne kwenye udongo mwepesi, lakini kwenye ule mweusi wa mbuga, kama wa majaruba ya Mwea kule Kenya, futi nne zitalikaba.

Watu hupenda rotaveta pana kwa kudhani itawahi kumaliza kazi. Hebu tukokotoe. Kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, ya futi nne inamaliza ekari moja kwa dakika kama 80, ukiacha muda wa kugeuza. Ya futi tano inamaliza kwa dakika 64. Faida yote ni robo saa, na utaipata tu ikiwa injini haizidiwi. Ikianza kukohoa moshi mweusi, utashusha gia, utapunguza kina, na robo saa yako itakuwa imeondoka pamoja na dizeli. Mimi kati ya mbili ningechukua nyembamba bila kufikiri mara mbili.

Kuna sharti moja tu, nalo ni matairi. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kushoto mpaka ukingo wa nje wa lile la kulia. Rotaveta ikiwa nyembamba kuliko kipimo hicho, tairi litaacha nyuma yake ukanda ulioshindiliwa ambao visu havikuugusa. Dawa zipo mbili. Matrekta mengi madogo unaweza kuyapunguza upana kwa kugeuza rimu, au unachagua rotaveta inayoweza kusogezwa upande mmoja ili ifute angalau alama ya tairi moja, halafu ile ya upande wa pili unaifuta ukirudi.

Sasa inama uangalie ubavuni, kwenye boksi linaloshusha nguvu mpaka kwenye visu. Ndani kuna gia au cheni. Ya cheni ni bei nafuu, na fundi yeyote anaibadilisha, ila inalegea na siku moja itakatika. Ya gia hudumu miaka mingi mradi oili haikauki. Kwa mtu anayelima shamba lake mwenyewe la ekari mbili tatu, cheni inatosha. Anayekodishia kijiji kizima anunue ya gia.

Kinga ya jiwe na kisiki ni muhimu zaidi ya rangi na stika. Rotaveta za bei ya chini zina boliti laini kwenye propela shafti, inayokatika mzigo ukizidi ili giaboksi ibaki salama. Ni mpango mzuri, mpaka dereva achoke kubadilisha boliti akatia ngumu ya chuma cha nguvu. Siku hiyo kitakachokatika ni gia. Nyingine zina klachi ya kuteleza, ambayo ni bora lakini ina ugonjwa wake: ikikaa masika mpaka masika bila kazi, sahani zake hushikana kwa kutu, na wewe unadhani una kinga kumbe huna. Kabla ya msimu piga mstari wa rangi kukatisha sahani zote, legeza nati za springi kidogo, shusha rotaveta udongoni, kisha washa PTO kwa sekunde mbili tatu injini ikiwa taratibu. Zima, toa ufunguo, ukaangalie. Mstari ukiwa umevunjika, klachi ni nzima. Kaza nati zirudi kwenye kipimo chake.

Visu vyenye umbo la L ni vya shamba kavu lenye magugu na mabua. Vyenye mkunjo kama C vinapita vizuri zaidi kwenye udongo mzito uliolowa, kwa hiyo wa mpunga waanzie hapo. Vyovyote utakavyochukua, makali ndiyo yatangulie kuingia udongoni. Nusu ya visu ni vya kushoto na nusu ni vya kulia, na fundi mwenye haraka huvichanganya. Uliza pia bei ya seti nzima kabla hujalipa rotaveta, maana ya futi nne hubeba visu 30 hivi na vyote vitaisha.

Trekta lililotumika la Kijapani mara nyingi huuzwa na rotaveta yake, na hizo upana wake umeshalinganishwa kiwandani. Shida huanza ukitaka kulifungia zana nyingine. Mkono wake wa kubebea huenda ni wa kampuni yenyewe tu, na PTO yake huwa na kasi tatu au nne wakati rotaveta za kawaida zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Nenda dukani na vipimo vya kawaida: pini za chini milimita 22, ya juu 19, shafti yenye meno sita. Propela nayo karibu kila mara hutaka kukatwa ilingane na trekta lako. Inua na ushushe zana ukipima, usikate kwa kukisia. Isiyo na kava la plastiki irudishe. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde, na pindo la kanga au shati likinaswa hakuna atakayewahi kuzima.

Kuna shamba ambalo rotaveta si zana yake. Lenye ndago, visu vitakatakata vitunguu vyake vya ardhini na kuvisambaza, na utavuna ndago mara tatu. La mteremko, udongo ukisagwa kama unga, mvua ya kwanza nzito inauteremsha bondeni. Huko plau, au jembe la kuchana mistari tu, litakufaa zaidi, na kwa bei ya chini.