Somo: Kushinda Viti na Kushika Halmashauri



Katika somo la robo hii tunaendelea na mada ya utawala bora katika serikali za mitaa. Kamati za maendeleo za sharika hupanga zahanati, madarasa na mitaro kwa kushirikiana na halmashauri, na marafiki wanaotuchangia hutaka kujua kama ushirikiano huo utadumu. Chama kingine kinapochukua halmashauri, wengine hudhani kila kitu kitabadilika, na wengine hudhani hakuna kitakachobadilika. Ili tupate jibu lenye msingi, tuangalie Jiji la Dar es Salaam kati ya mwaka 2015 na 2021. Lengo letu si kupigia debe chama chochote. Tunataka kuelewa madaraka ya halmashauri yanakaa wapi.

1. Kura zilileta nini

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 25, 2015, vyama vya CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilishirikiana chini ya umoja wa UKAWA. Dar es Salaam ilikuwa na majimbo 10 ya ubunge, na upinzani ulichukua 6: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Upande wa madiwani pia ulipata wingi katika manispaa za Kinondoni na Ilala, na Januari 2016 mameya wa CHADEMA walichaguliwa katika manispaa hizo. Temeke ilibaki kwa CCM.

Uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa zaidi ya mara moja, huku pande mbili zikibishana ni nani anayestahili kupiga kura. Hatimaye, Machi 22, 2016, Isaya Mwita wa CHADEMA alishinda kwa kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Jiji kubwa kuliko yote nchini, lililokuwa na watu zaidi ya milioni 4.3 kwa sensa ya 2012, likawa na meya kutoka upinzani.

2. Nani alishika funguo

Meya huongoza vikao vya Baraza la Madiwani. Baraza hupitisha bajeti, hutunga sheria ndogo na huhoji utekelezaji. Lakini mtendaji mkuu wa halmashauri ni Mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Wakuu wa idara wako chini yake. Kwa hiyo baraza linaweza kuamua jambo, na utekelezaji wake ukategemea ofisi ambayo madiwani hawakuichagua.

Funguo ya pili ni fedha. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka 2017, barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zilikabidhiwa kwa wakala mpya, TARURA. Hatua hizo ziligusa nchi nzima, hata halmashauri zilizoongozwa na CCM. Hata hivyo, uzito wake ulikuwa mkubwa zaidi mjini, kwa maana mjini ndiko kwenye majengo mengi na barabara nyingi za mitaa. Mwananchi aliyemchagua diwani kwa ahadi ya barabara alikuta barabara yenyewe haiko tena mikononi mwa diwani huyo.

3. Mipaka na idadi

Mwaka 2016 manispaa mbili mpya zilianza: Ubungo ikatoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Mipaka inapobadilika, hesabu ya viti hubadilika pia. Upinzani ulibaki na umeya wa Ubungo, ila Kinondoni mpya ikapata meya wa CCM katika uchaguzi ambao upinzani uliulalamikia.

Katika miaka iliyofuata, baadhi ya wabunge na madiwani wa upinzani walihamia CCM. Wabunge wa Kinondoni, Ukonga na Temeke walifanya hivyo kati ya mwisho wa 2017 na mwisho wa 2018. Januari 2020 baraza lilipiga kura ya kumwondoa Meya Mwita, huku pande mbili zikibishana kama theluthi mbili inayotakiwa ilitimia. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 CCM ilichukua majimbo yote ya Dar es Salaam. Februari 24, 2021, Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuondoa mwingiliano na kupunguza gharama.

Tukumbuke kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1996, chini ya baraza la chama tawala, Halmashauri ya Jiji ilivunjwa pia, na Tume ya Jiji ikaendesha shughuli hadi mwaka 2000. Madaraka ya halmashauri hutoka katika sheria, na Serikali Kuu inaweza kuyaongeza, kuyapunguza au kuyafuta.

4. Tunajifunza nini

Kwanza, chama cha diwani kina maana, ila peke yake hakitoshi kutuambia mradi utafika wapi. Lazima tujue nani anaamua, nani analipa na nani anatekeleza.

Pili, mapato ya ndani ndiyo nguvu ya baraza. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka asilimia 10 ya mapato hayo iende kwenye mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Chanzo cha mapato kikiondoka, fungu la vikundi vyetu nalo hupungua.

Tatu, makubaliano yanayomtegemea mtu mmoja, awe meya au diwani, ni dhaifu. Yaandikwe, yapite katika vikao vya kata na halmashauri, na yaingie katika bajeti. Hapo hata viti vikibadilishana watu, kumbukumbu inabaki.

Nne, diwani aliye wachache katika baraza bado ana kazi. Anaweza kuuliza maswali, kudai taarifa ya mapato na matumizi, na kurudisha majibu kwa wananchi. Tumsaidie kwa kumpa hoja zenye takwimu, bila kujali kadi yake ya chama.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mradi wetu unahitaji uamuzi wa nani: mtaa, kata, halmashauri au wakala wa Serikali Kuu?
2. Je, ahadi tuliyopewa imo katika bajeti au ilisemwa jukwaani tu?
3. Ni nani kati yetu atahudhuria kikao kijacho cha Baraza la Madiwani na kutuletea taarifa?