Mgonjwa wa Kisukari Akianza Kutetemeka

Je, nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano za insulini? Dawa hiyo hupunguza sukari katika damu. Akichoma sindano asile, au akilima kutwa na njaa, sukari hushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho jingi, huanza kusema ovyo. Watu hudhani amelewa. Usimcheke!

Koroga vijiko vidogo 4 vya sukari katika nusu kikombe cha maji, umpe anywe upesi. Utasema, "Si amekatazwa sukari?" Kweli, lakini saa hii sukari ndiyo dawa yake. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula.

Akizirai, usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali hata kama ni usiku.