Dondoo muhimu: Usingizi na simu kwenye usukani

Usingizi haupigi hodi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 4 tu gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Kope zikiwa nzito, miayo ikifuatana, au hukumbuki kibao ulichokipita sasa hivi, usisubiri kituo kijacho. Toka barabarani, egesha mahali salama.

Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa yake ni kulala. Kunywa kikombe cha kahawa, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20. Kahawa huanza kufanya kazi ukiwa unaamka. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, usipange kuvuka Hifadhi ya Mikumi saa 9 usiku: mwili unadai haki yake, na wanyama wanakatiza barabara.

Baadhi ya dawa za mafua husinzisha. Muulize mfamasia kabla ya safari.

Simu izimwe sauti, ikae kiti cha nyuma. “Umefika wapi?” ajibu utingo. Nasi tunaosubiri nyumbani, tafadhali, tumpigie abiria, si dereva.